Kasi ipo, ruta mpya, lakini sauti ya ukalimani inakatika kwenye Wi-Fi. Tatizo ni nini hasa?

FundiWaya #1
Habari wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Kazi yangu ni mitambo ya sauti kwenye mikutano hapa Arusha. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mkutano wa siku tatu, ukumbi wa watu mia mbili, lugha tatu: Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Vipokezi vya ukalimani havikutosha, mwandaaji akasema waliokosa wasikilize kwa simu zao. Sauti inatoka kwenye kibanda cha wakalimani, inaingia kwenye kompyuta, kompyuta inairusha kwenye ruta, mtu anavaa hedifoni na kuchagua lugha yake.

Usiku wa kuamkia mkutano tulijaribu na simu 15. Safi kabisa. Asubuhi watu wakaja, zikaingia simu kama 60, na sauti ikaanza kumeza maneno. Mjumbe mmoja kutoka Bujumbura alinifuata wakati wa chai akaniambia kiasi cha fedha alikisikia, ila hakusikia kama ni mkopo au msaada. Mtu kasafiri mpaka hapa kwa ajili ya neno hilo moja.

Nilipima kasi palepale ukumbini, Mbps 80. Sauti ya lugha moja ni kilobiti 64 tu kwa sekunde. Nikachomeka laptopu kwa waya kwenye swichi ileile, ikapiga mchana kutwa bila kukosa silabi. Kwa hiyo kompyuta nzima, programu nzima, swichi nzima. Iliyobaki ni hewa.

Dai langu: Wi-Fi iliundwa kwa ajili ya mafaili na barua pepe, haikuundwa kwa sauti na picha za papo kwa papo, ndiyo maana kila miaka michache wanaongeza kasi na uhakika unabaki palepale. Anayebisha aje na hoja.

Chogo wa Sakina #2
Watu 60 kwenye ruta ya sebuleni? Nunua ya ofisi mkuu, uzi ufungwe.

binti_soketi #3
Chogo, bei ya ruta haibadilishi hesabu hii.

Kipima kasi kinatuma pakiti (vifurushi vya data) kubwa zilizofungwa pamoja. Sauti ya FundiWaya inakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ina baiti 160. Zidisha kwa simu 60, unapata pakiti 3,000 kila sekunde. Kila pakiti ina mikrosekunde 333 basi. Ndani ya hizo ruta inasikiliza kama hewa iko kimya, inasubiri muda wa kubahatisha ili isigongane na mwingine, inatuma, halafu inangoja simu ijibu kwamba imepokea. Ni daladala inayompeleka abiria mmoja Kijenge, inarudi tupu, inamchukua mwingine. Barabara imejaa na watu waliosafiri ni wachache.

Na simu zenyewe zinaongea hewani humohumo: WhatsApp, picha zinapanda, programu zinajisasisha. Hakuna mwenyekiti, kila mmoja anasikiliza akisikia kimya anaongea.

FundiWaya #4
Asante binti_soketi, hesabu nimeielewa, ila kwangu haikuwa hivyo. Kompyuta haikutuma mara 60. Programu inatuma mara moja tu kwa anwani ya kundi, ile inayoanza na 239, na kila mwenye kutaka anaipokea. Niliichagua kwa sababu hiyohiyo, nisijaze hewa.

Dk Masafa #5
Hapo ndipo mguu ulipoteleza, na wengi tumeteleza papo hapo.

Kwenye waya, multikasti, yaani huko kutuma mara moja kwa kundi zima, ni baraka. Kwenye Wi-Fi ina tabia tatu mbaya.

Ya kwanza, haina majibu. Pakiti ya simu moja ikipotea, ruta inajua kwa sababu haikujibiwa, inairudia. Pakiti ya kundi ikipotea imepotea. Nani ajibu kati ya watu 60? Wakijibu wote watagongana.

Ya pili, inatumwa kwa mwendo wa kobe ili hata simu dhaifu ya mwisho wa ukumbi iweze kuisoma. Kwenye bendi ya 2.4 GHz ruta nyingi hushuka mpaka Mbps 1. Weka zile baiti 160, ongeza vichwa vya habari, inafika kama baiti 236. Kwa Mbps 1 hiyo ni takriban milisekunde 2 hewani. Mara 50 kwa sekunde ni asilimia 10 ya muda wote wa hewa, kwa lugha moja. Ulikuwa na lugha tatu. Mbps 80 ulizopima hazikuhusika hata kidogo.

Ya tatu inasahaulika: simu moja tu ikilala ili kutunza betri, ruta inazuia pakiti zote za kundi mpaka zamu ya kuziamsha simu zilizolala. Ruta nyingi hutoa tangazo lake kila milisekunde 102.4, na wengine wameseti zamu hiyo kila tangazo la tatu. Badala ya kijiko kila milisekunde 20, msikilizaji anapewa bakuli kila milisekunde 300. Programu yenye akiba ndogo inakohoa.

Ndege Mnana #6
Dk, nimekusoma mara mbili, kuna kitu hakikai. Kama pakiti ya kundi inatumwa mara moja bila kujali wasikilizaji ni wangapi, kwa nini simu 15 zilikuwa safi na 60 zikaharibika? Kwa maelezo yako hata 15 zingekatika.

Dk Masafa #7
Swali zuri. Simu 60 zinaleta kelele zao, migongano inaongezeka, na pakiti ya kundi ikigongwa hairudiwi. Usiku mlikuwa mafundi tupu na simu zenu mezani, vioo vinawaka. Asubuhi kuna watu mia mbili, na mwili wa mtu ni maji, maji yanakula 2.4 GHz.

Ndege Mnana #8
Hizo ni sababu nne ndani ya jibu moja mkuu. Chagua moja basi tuipime.

Mzee wa Ngarenaro #9
Vijana, ukumbi una waya na mionzi ya infraredi imefanya ukalimani miaka na miaka, haigongani na mtu wala haipiti ukuta kwenda chumba cha pili. Kodi vipokezi vya kutosha, mambo yaishe.

FundiWaya #10
Mzee wangu shikamoo. Vipokezi vilikuwa 120 na wageni wakaja zaidi ya walioandikishwa. Ningekuwa navyo nisingefungua uzi huu.

Kisauni Mwenyewe #11
Salaam nyote. Mimi nawapa kisa cha Mombasa, maana nadhani mnaisingizia hewa.

Harusi ya dadangu tuliirusha moja kwa moja ili shangazi zetu walioko Muscat waone. Picha ikaganda wakati bi harusi anatolewa, wakati ule hasa. Kila mtu akalaumu Wi-Fi. Nikaenda kwenye ruta nikatoa Wi-Fi kabisa, nikachomeka waya, na bado iliganda. Kumbe mpwa wangu alikuwa anapandisha video za hina kwenye hifadhi ya mtandaoni. Foleni ndani ya ruta ilikuwa ndefu mno, pakiti za harusi zikakaa nyuma ya video za hina zikingoja.

Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele jambo hili na kulipa jina, bufferbloat, kuanzia mwaka 2010: watengenezaji waliweka bafa (nafasi ya pakiti kungojea) kubwa wakidhani wanazuia upotevu, wakaishia kutengeneza ucheleweshaji. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa, CoDel, inayotazama pakiti imekaa kwenye foleni kwa muda gani, haihesabu ni ngapi. Nikaiweka aina yake moja, fq_codel, kwenye ruta yangu. Harusi ya pili mpwa alipandisha apendavyo.

Muscat_Mchana #12
Wallahi sisi upande huu tuliokuwa tunatazama harusi kama hizo tunajua. Sauti ya taarabu ikibaki na picha ikaganda, watu wanavumilia. Sauti ikikatika, kila mtu anaondoka.

binti_soketi #13
Kisauni, kisa chako ni cha kweli lakini si cha FundiWaya. Yeye hakutoka nje kwenye intaneti kabisa, na waya wake ulikuwa safi. Wako ulikatika hata kwa waya. Ni magonjwa mawili yenye dalili moja.

Kisauni Mwenyewe #14
Foleni ipo hata ndani ya ruta inayohudumia Wi-Fi peke yake, dada. Mtu mmoja wa mbali mwenye mawimbi hafifu anachukua muda mrefu hewani, walio karibu wanangoja nyuma yake. Lakini nakubali, kwake waya ulikuwa safi.

Kumbukumbu ya 11 #15
Nirudi kwenye dai la #1 kwamba Wi-Fi haikuundwa kwa sauti na picha. Si kweli, na ukweli wenyewe unauma zaidi.

Kiwango cha kwanza cha 802.11 (ndilo jina la kitaalamu la Wi-Fi) cha mwaka 1997, cha Mbps 2, tayari kilikuwa na utaratibu wa mwenyekiti. Unaitwa PCF: ruta inaita kifaa kimoja kimoja, wewe sema, sasa wewe. Uliandikwa ukabaki kwenye karatasi, karibu hakuna aliyeujenga. Hapohapo kulikuwa na wapinzani waliofikiria sauti tangu mwanzo. HomeRF ilitenga nafasi maalumu za sauti, kundi lake likavunjika Januari 2003. Ulaya ETSI, shirika lao la viwango vya mawasiliano, walikuja na HiperLAN/2 mwaka 2000, ruta inapanga zamu zote, kila mtiririko una nafasi yake. Kitaalamu ilikuwa nzuri. Ikashindwa sokoni, kwa sababu 802.11 ilikuwa rahisi, ya bei nafuu, na ilikuwa tayari dukani.

Mwaka 2003 wakaleta 802.11e yenye madaraja manne: sauti, picha, kawaida na ya nyuma. Mwenye daraja la sauti anasubiri muda mfupi kabla ya kuongea.

Dk Masafa #16
Sahihisho: 802.11e ilipitishwa 2005. Kabla yake, 2004, Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za Wi-Fi, walishaanza kuthibitisha kipande chake kwa jina la WMM, ndicho kilichomo kwenye ruta zetu. Na ndani ya 802.11e kulikuwa na HCCA, mwenyekiti yuleyule wa 1997 kavaa kanzu mpya. Naye hakupata kazi.

Kumbukumbu ya 11 #17
Ahsante, 2005, nimekosea. Sasa niwafikishe pale panapomhusu mleta mada. Mwaka 2012 IEEE, wale wanaoandika viwango vya 802.11, walipitisha nyongeza ya 802.11aa, na kazi yake hasa ilikuwa mitiririko ya sauti na picha iwe imara. Humo kuna GCR, kurudia kwa pakiti za kundi. Inafanyika kwa njia mbili. Ama ruta inarudia kila pakiti mara kadhaa bila kuulizwa, ama inatuma fungu zima halafu inawauliza wapokeaji mmoja mmoja wamekosa zipi, inarudia hizo tu. Mjumbe wa Bujumbura angesikia neno lake. Dawa imeandikwa zaidi ya miaka kumi iliyopita!

Chogo wa Sakina #18
Kwa hiyo kwa nini haimo kwenye simu yangu?

Kumbukumbu ya 11 #19
Kwa sababu ni ya hiari. Lazima ruta na simu zote ziwe nayo. Mtengeneza simu anasema ruta hazina, mtengeneza ruta anasema simu hazina. Kwenye boksi wanaandika kasi, kasi ndiyo inayouza. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote: watu wamekaa miaka wakakubaliana neno kwa neno, halafu kazi yao inaozea kwenye makaratasi.

Ndege Mnana #20
Pengine haikujengwa kwa sababu haikuhitajika. Watu wengi wanatazama kwa HLS na DASH, njia za kutuma video vipande vipande kwa intaneti, kila mtu na mtiririko wake, na pakiti ikipotea inaombwa tena. Filamu inaweka akiba ya sekunde kadhaa mbele, hewa ikichafuka hujui.

Kijana wa Kibanda Umiza #21
Mnatuambia akiba ya sekunde kadhaa, sisi wenye vibanda vya mpira tunajua gharama yake. Jirani ana dishi, mimi naonyesha kwa intaneti. Yeye anashangilia goli, kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Wateja wanahama kwenda kwake. Hii nayo mnaiita imara?

binti_soketi #22
Kijana, hayo yanatokana na vipande. Apple walipendekeza vipande vya sekunde 6 kwa HLS, na kicheza video hupenda kuwa na vitatu mkononi kabla ya kuanza. Hizo ni sekunde 18 kabla hujahesabu kamera na mitambo ya kati. Picha yako haikatiki kwa sababu imechelewa.

mkalimani_wa_zamu #23
Niruhusuni mimi ninayekaa ndani ya kile kibanda. Tangu Umoja wa Afrika ukipokee Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, nafurahi kila ninapowasha kinasa sauti, na kwa hiyo sauti yetu ikipotea hewani inanigusa.

Mkalimani siku zote yuko nyuma ya msemaji, sekunde mbili, tatu, hata nne, anangoja maana ikamilike. Hatufuati midomo. Msikilizaji wetu ameshazoea kuchelewa. Kwa nini basi programu isiweke akiba ya sekunde moja, yale mabakuli ya Dk Masafa yasimwagike?

FundiWaya #24
Mwalimu, hilo sikulifikiria. Programu ilikuwa na akiba ya milisekunde 80, niliishusha mwenyewe nikidhani namsaidia msikilizaji.

Dk Masafa #25
Akiba ya sekunde moja inaponya mabakuli. Pakiti iliyogongwa haiponi kwa akiba, haipo tena. Kwa hiyo itategemea ugonjwa ulikuwa upi. Kwa mazungumzo ya pande mbili ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kwenye pendekezo la G.114, inataka kuchelewa kusizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu wasione tofauti, lakini ukalimani wa kusikiliza tu si mazungumzo.

mkalimani_wa_zamu #26
Si mazungumzo mpaka mwenyekiti aseme "wanaounga mkono wanyooshe mikono." Nimeona mjumbe akinyoosha mkono wakati wa wanaopinga, kwa sababu ya kuchelewa. Sekunde moja ndio mwisho wangu. Usiniongezee ya pili.

Chogo wa Sakina #27
Wi-Fi 7 imeshatoka, zinathibitishwa tangu Januari 2024. Simu inaongea kwenye bendi mbili kwa pamoja. Na 802.11bn inayotayarishwa lengo lake lenyewe ni uhakika, hawaimbi kasi tena. Tumalize.

binti_soketi #28
Leo umekuja na hoja Chogo, karibu. Ila waliohudhuria mkutano wana simu walizonazo mfukoni, si za kwenye tangazo. Hata OFDMA ya Wi-Fi 6, inayoweza kuhudumia simu kadhaa kwa mpigo mmoja, haimsaidii mwenye simu ya zamani.

Pwani ya Redio #29
Hakuna aliyetaja Bluetooth? Bluetooth 5.2 ya Januari 2020 ilileta mitiririko yenye muda maalumu, na juu yake ikajengwa Auracast, iliyopewa jina hilo mwaka 2022. Kituo kimoja kinatangaza, wasikilizaji hawana idadi. Nao hawajibu, sawa na multikasti ya Wi-Fi. Tofauti ni kwamba kurudia pakiti kumepangwa ndani ya ratiba tangu mwanzo, na kila anayesikiliza anajua lini aamke. Walichokiweka 802.11aa kuwa hiari, hawa wamekifanya kuwa mwili wa mfumo. Kumbi ndizo hasa walizozilenga.

Mzee wa Ngarenaro #30
Na simu zenye hiyo ni ngapi ukumbini?

Pwani ya Redio #31
Bado chache mzee, hapo umenishika. Lakini wao angalau walikubaliana. Kumbukeni 802.15.3a, redio ya bendi pana sana iliyotakiwa kubeba video nyumbani bila waya. Kambi mbili zilibishana miaka kuhusu namna ya kurusha mawimbi, kila kura hakuna anayefikisha idadi, mpaka Januari 2006 kundi likavunjwa bila kiwango.

Kijana wa Kibanda Umiza #32
Wekeni FM basi, simu yangu ya vitufe inashika.

Mzee wa Ngarenaro #33
Kurusha FM bila kibali cha TCRA ni kesi, mwanangu. Usimponze FundiWaya.

Dk Masafa #34
Jambo dogo ambalo mleta mada alikague. Kama programu yako inaweka alama ya DSCP 46 (namba ya kipaumbele) kwenye pakiti za sauti ukidhani zitaingia daraja la sauti, huenda haziingii. Ruta nyingi husoma biti tatu za mwanzo tu. 46 kwa biti ni 101110, tatu za mwanzo ni 101, yaani 5, na 5 kwenye Wi-Fi ni daraja la picha. Sauti ni 6 na 7. IETF, wanaoandika kanuni za intaneti, waliandika waraka wa RFC 8325 mwaka 2018 kurekebisha hilo, ila ruta yako lazima iwe imeisoma.

FundiWaya #35
Wakuu, narudi na habari. Jana tulikuwa na mkutano mdogo, simu 45. Nilifanya haya: nilihamisha wote 5 GHz, nikapandisha mwendo wa chini wa multikasti mpaka Mbps 12, nikaweka akiba ya milisekunde 800, na kwa lugha ya Kifaransa nikawasha ile ya ruta kugeuza pakiti ya kundi kuwa ya mtu mmoja mmoja. Nafuu ni kubwa sana. Safu za mbele na katikati hakuna aliyelalamika. Safu mbili za nyuma, upande wa mlango, Kiswahili kilikatika mara kadhaa. Kifaransa upande uleule hakikukatika.

Dk Masafa #36
Hongera. Hilo la Kifaransa ndilo ushahidi wangu: kinapojibiwa, kinarudiwa.

binti_soketi #37
Au waliosikiliza Kifaransa walikuwa wanne na Kiswahili thelathini. Wanne unaweza kuwahudumia mmoja mmoja hata ukumbi ukiwa soko. Wakiwa 60, hesabu yangu ya #3 inarudi.

Kisauni Mwenyewe #38
Au Mbps 12 hazifiki mlangoni. Umepandisha mwendo, umefupisha mkono. Wa nyuma hawasomi tena.

Ndege Mnana #39
Umebadili vitu vinne siku moja mkuu, sasa kila mmoja hapa amepata ushindi wake. FundiWaya, simu za wale wa nyuma zilipokatika, vioo vilikuwa vinawaka au vimezimwa?

FundiWaya #40
Sikuangalia. Alhamisi tuna mkutano mwingine ukumbi uleule. Nitarudisha mwendo uwe Mbps 6, mengine yote nayaacha yalivyo, na nitakaa safu ya nyuma mwenyewe na simu mbili, moja kioo kinawaka na moja kimezimwa.

mkalimani_wa_zamu #41
Alhamisi kibanda ni changu. Nitasoma namba moja hadi mia dakika tano kabla ya kufungua, uhesabu zilizopotea.